Kirangozi Ndiye Hutua Kwanza

Mwanangu Athumani,

Jioni uliniamkia nami sikuitika. Nilijifanya nahangaika na kamba ya mlango wa zizi. Marahaba, mwanangu. Naiitika sasa kwa maandishi, wewe ukiwa umelala chumba cha pili unakoroma kama mtu asiye na la kumkosesha usingizi.

Barua hii nitaitia ndani ya furushi la nguo zako, chini ya ile kanzu ambayo mama yako amekulazimisha uichukue na wewe huitaki. Utaikuta mtakapotua kambi ya kwanza, au ya tatu, kwa jinsi ninavyoujua uvivu wako wa kufungua mzigo. Sitaki uisome hapa. Ukiisoma hapa utakuja kunitazama usoni, na mimi mbele yako sijui kusema ila kwa sauti ile ya kuamrisha. Tangu ulipoleta habari za safari nimeanza mara kadhaa kukuambia ninachotaka kukuambia, na kila mara nimeishia kukukosoa unavyokunja ngata ya kichwani. Ngata yako haina neno. Unaikunja vizuri kuliko mimi.

Ya blanketi, ya samli ya kujipaka, ya kujihadhari na simba wa nyikani, hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wameyashika. Viatu alivyokupa Mdachi wa msafara wenu vinakubana. Nimekuona unavyochechemea nacho kile kimoja cha kushoto, halafu ukipita karibu na wasichana kisimani unanyooka ghafla kana kwamba umezaliwa navyo. Uvivae au uvibebe begani, shauri yako. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka mingi.

Leo kutwa nzima watu wamekuja kunipa hongera. Mwanao kachaguliwa kirangozi. Atatembea mbele ya msafara mzima, wapagazi wote nyuma yake wakifuata hatua yake, mpaka kwenye mlima wa theluji. Na wakati wenyewe ndio huu, reli imeshafika Dodoma na mizigo ya vichwani inakwisha, kwa hiyo kila aliyekuja alisema wewe utakuwa wa mwisho wa ukoo wetu kushika kazi hii na huenda ukawa bora kuliko wote. Jirani yetu mzee wa upande wa bondeni alinishika mkono akasema, "Huyu ni wewe mtupu." Nilicheka, nikawapa togwa. Moyoni nilitaka kuwafukuza wote.

Nilimuuliza mnyapara kwa nini amekuchagua wewe na wapo waliokuzidi umri. Akaniambia kwamba amekutazama kwenye safari za chumvi, na kijana huyu hata umtembeze kutwa kwenye jua hakuulizi mnatua wapi. Alidhani ananisifia malezi. Tangu hapo sina raha. Sikai nikatulia, sisimami nikatulia. Hata sasa nimeandika mistari hii nikatoka kwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi hawana lolote, nimerudi.

Wewe unajua namna sisi tulivyolelewa, lakini niache niseme, maana nikiruka hapa sitafika. Watu wa uwanda huu tumelelewa na kiu. Babu yako alinipitisha nyika kavu ya Mgunda Mkali nikiwa bado sijabalehe, akanifundisha tirikeza. Mchana mnafika kwenye maji ya mwisho, mnakula, mnakunywa mpaka tumbo linalia. Jua likianza kuinama mnajitwika, mnakwenda mpaka giza, mnalala pakavu popote mlipofikia, alfajiri mnaamka tena na kesho yake kabla jua halijawa kali mnayakuta maji mengine. Hapo katikati hunywi, kwa sababu maji ya njiani hulegeza magoti. Hujifuniki, kwa sababu jasho ni maji pia. Hutui mzigo kabla ya kirangozi kutua wake. Na mtu akiuliza tunatua wapi, kirangozi hujibu neno moja tu: "Mbele." Hata kama mahali penyewe unapaona kwa macho, hupataji. Ukipataja tu, magoti ya watu hulegea hapohapo.

Na anayetua kabla ya kirangozi hutungiwa wimbo. Wimbo huo humtangulia kufika nyumbani, akaukuta wasichana wanautwangia mtama. Nilitunga kadhaa mimi mwenyewe na nilikuwa na kipaji. Kuna mtu wa kule Chemba aliacha kazi ya upagazi kwa ajili ya wimbo wangu mmoja, nami nilijiona shujaa.

Sikuambii kwamba hayo ni ya uongo. Yametuvusha, na bila hayo mifupa yetu ingekuwa Mgunda Mkali mpaka leo. Lakini ni ya uwanda, Athumani. Huko unakokwenda, kila moja ya hayo linaua mtu.

Nilikwenda huko nikiwa nimekuzidi umri kidogo tu. Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni na mama yako. Kulikuwa na Mdachi mrefu mwenye miwani ambaye alikuwa anakusanya majani, anayabana katikati ya makaratasi kana kwamba ni hirizi, akataka ya mlimani pia. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Kiboko alikuwa nacho, kama wote. Ulikuwa wakati wa kipupwe kama huu, upepo huu huu unaopenya chini ya mlango ninapoandika, na watu walisema kipupwe ni kizuri kwa sababu hakuna mvua. Mimi nilikuwa kirangozi. Nyuma yangu, kwenye nafasi ya pili, alikuwa mjomba wako Bakari.

Mjomba wako huyo mama yako hamtaji, kwa hiyo wewe humjui ila jina. Walizaliwa tumbo moja, wawili tu. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, mlafi wa kupindukia, na alikuwa na sauti ya kuimba ambayo wewe kwa bahati mbaya hukuirithi. Ndiye aliyenipeleka kwao kuposa. Alimwambia baba yake kwamba mimi ni mjinga lakini miguu yangu ni mizuri. Alikuwa akiniita "shemeji" kwa namna ambayo kila aliyesikia alijua ananicheka, nami nilimpenda kuliko ndugu zangu.

Tulivuka nyika ya Wamasai salama. Tulipofika kwa Wachaga, tukakuta maji yanapita kila mahali, kwenye mifereji, katikati ya migomba, hayana mwenyewe. Bakari alisimama akayatazama muda mrefu, akasema watu hawa wangekuja kwetu mwezi mmoja wangeshika adabu. Wachaga waliotuonyesha njia ya juu walijifunga ngozi mabegani, kila mmoja na kibuyu, na kila kijito walichokikuta waliinama wakanywa. Tuliwacheka. Nikawakataza watu wangu wasiwaige. Mablanketi tuliyogawiwa na Mdachi nikaamuru yafungwe ndani ya mizigo, kwa sababu mtu akipanda amejifunika atatoka jasho, na akitoka jasho ataona kiu. Unaona nilivyokuwa na akili. Kila nililolisema lilikuwa na sababu yake, na kila mtu alinitii.

Msituni tulilala vizuri. Tulipotoka juu ya msitu, kwenye majani marefu, watu wakaanza kuumwa vichwa. Bakari aliniambia, kichwa kinanigonga kama kinu. Nikamwambia ni moshi wa kuni mbichi. Asubuhi yake hakula. Yeye, ambaye alikuwa akimaliza chakula chake akaanza kuzunguka kwenye vyungu vya wenzake, alisukuma uji pembeni akasema hauna ladha. Hilo peke yake lingenitosha kama ningekuwa mtu wa kutazama watu. Nilikuwa mtu wa kutazama njia.

Mchana tukafika kwenye maji ya mwisho, kijito chembamba kati ya mawe. Wachaga walikwishatua na walikuwa wanaokota kuni. Mnyapara wa safari ile alileta neno kutoka kwa bwana wetu Mdachi, ambaye alikuwa nyuma sana, naye anatapika, kwamba tulale hapo hapo. Mimi nikatazama juu. Mbele yetu mlima ulikuwa umelegea, umefanya uwanda mkubwa mkavu kati ya vilele viwili, Kibo na Mawenzi, bapa kabisa, wa rangi ya vumbi, hauna mti wala kichaka. Athumani, nilipouona nilifurahi. Siku zote zile nilikuwa mgeni, kwenye migomba, kwenye msitu unaodondosha maji, na sasa naona kwetu. Nikasema moyoni, uwanda naujua.

Nikamwambia mnyapara kwamba watu wangu bado wana nguvu, tutapiga tirikeza, bwana atakapofika kesho atatukuta tumeshasimamisha mahema mbele na atafurahi. Mnyapara naye alitaka bwana afurahi. Wachaga walikataa, wakabaki na moto wao. Sisi tukala, tukajitwika jua lilipoinama, kama kawaida yetu. Kuni hatukubeba. Tangu lini mtu wa uwanda akabeba kuni? Kwetu popote unapolala unainama tu unaokota.

Tukaenda. Nilianzisha wimbo ukafa wenyewe kwa kukosa pumzi. Nikaongeza hatua, maana nyimbo zikifa kwetu ni dalili kwamba watu wanawaza kukaa, na dawa yake ni kuongeza hatua. Ndipo Bakari aliponiuliza kwa mara ya kwanza.

"Shemeji, tunatua wapi?"

Nikamjibu, "Mbele."

Jua likazama nyuma ya Kibo na baridi ikaja palepale, wala haikuja kidogo kidogo. Upepo ulikuwa unapita kwenye shuka kana kwamba tuko uchi. Akaniuliza tena, na safari hii maneno yake yalikuwa yanagongana kama ya mlevi. Nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuniita shemeji. Aliniita jina langu, Omari, ambalo tangu nimwoe dada yake hakuwahi kulitamka. "Omari, tunatua wapi?" Sikumjibu kabisa. Sikugeuka nyuma. Nilikuwa na wasiwasi kwamba nikigeuka nitaona mtu amekaa, na nikiona mtu amekaa nitalazimika kusimama.

Nilitua kwenye mawe makubwa katikati ya uwanda. Mizigo ikaanza kushuka nyuma yangu mmoja mmoja. Nafasi ya pili ilikuwa wazi. Nikarudi nyuma nikikimbia, nikamkuta si mbali. Alikuwa amepiga magoti. Mgongo umenyooka, mzigo uko kichwani, mikono yote miwili imeushika, na macho yako wazi. Nikamwambia tua, Bakari, tua. Hakusikia. Alikuwa anapumua kwa kukoroma. Ilibidi tumtue sisi, tukivifungua vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye kamba. Mpaka hapo alipofika alikuwa hajatua kabla ya kirangozi.

Tulitoa mablanketi kwenye mizigo kwa mikono isiyoweza kufungua fundo. Moto hatukuwa nao. Tulimlaza katikati yetu tukamfunika kwa miili yetu, na hakufika asubuhi. Hivi vidole vya miguu vilivyobaki kwangu, ambavyo ulipokuwa mdogo ulipenda kuvihesabu ukichekacheka, ndivyo vilivyopona usiku huo. Tulimteremsha mpaka kwenye ukingo wa msitu penye udongo, tukamswalia, tukamzika. Watu wakasema baridi imemchukua, na mimi nikakubali waseme hivyo. Lakini baridi ilimkuta pale nilipomfikisha mimi.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa anapepeta mtama. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, hakuona mtu. Nilimwambia ndugu yako amefariki mlimani. Hakulia kwanza. Yeye ni mtoto wa wapagazi, babu yake na baba yake wote walikuwa wa njiani, kwa hiyo aliuliza swali ambalo mke wa mkulima asingeliuliza.

"Aliuliza kutua?"

Nikasema aliuliza.

"Ukamjibuje?"

Nikamwambia nilivyomjibu. Akakushusha mgongoni, akanipa nikushike, akaingia ndani akafunga mlango. Wewe ulilia na mimi nikasimama na wewe uani mpaka mifugo ikarudi. Tangu siku hiyo hakuligusa tena jambo hilo. Amenipikia, ameniuguza miguu hii, amenizalia dada zako, ananitania mbele za watu kama mke yeyote. Lakini ndani ya moyo wake nimekaa wapi, mpaka leo sijui. Nimeishi kama mgeni ambaye hajaambiwa aondoke wala hajaambiwa akae.

Ungedhani hapo nilijifunza. Ndiyo maana naandika, kwa sababu sikujifunza.

Unakumbuka safari yako ya kwanza ya chumvi, tukitoka Bahi. Ulikuwa na kifurushi kidogo cha chumvi kichwani, umejikaza shingo. Tuliacha maji mchana tukaingia kwenye vichaka vile vya miiba, na jua lilipokuwa limeinama ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, tunatua wapi?" Kinywa changu kilijibu chenyewe. Sikuwaza. Miguu yangu iliyopungua vidole ilikuwa inauma kwenye ardhi ile ile, mjomba wako yuko kwenye udongo wa watu, na mimi nikakujibu mwanangu, "Mbele."

Uliniuliza tena safari iliyofuata, nikakujibu hivyo hivyo. Halafu ukaacha. Nakumbuka siku niliyogundua kwamba hukuuliza: tulikuwa tumeshapita Chemba, ukawa umechoka mpaka midomo imekuwa myeupe kwa vumbi, na ukanyamaza. Nilifurahi, Athumani. Niliporudi niliwaambia watu kwamba mwanangu amekuwa mpagazi. Nilikuua ulimi nikakusifia kwa kufa kwake. Katika makosa yangu yote hili ndilo linaloniamsha, kwa sababu lile la mlimani nililifanya sijui, na hili nililifanya nikijua.

Muda mfupi uliopita nilitoka tena. Safari hii sikwenda kwa mbuzi. Nilishika njia ya bomani nikimwendea mnyapara, nimeshapanga uongo wa kumwambia: umeamka na homa, atafute mwingine. Nilifika mpaka pale njia inapoteremka, mioto ya kambi yao naiona, wapagazi wawili watatu bado wanacheka kwa sauti za watu waliokula vizuri. Nikasimama. Nikawaza kwamba nikikuzuia wewe, watampa kazi hiyo kijana mwingine aliyelelewa na baba kama mimi, na wale wanaocheka pale watamfuata huyo. Na wewe hutanisamehe. Hapa si kwamba nilikuwa na busara. Niliogopa tu chuki yako kuliko nilivyoogopa mlima, nikarudi.

Kwa hiyo nenda. Ila nenda ukijua kwamba mimi niliyekufundisha nasema nimekufundisha nusu.

Huko juu kunywa. Kunywa hata kama huna kiu, na wasimamie wenzako mpaka nao wanywe, hata wakikucheka kwamba kirangozi gani huyu anainama kwenye kila kijito. Mtu akikataa chakula, mtazame yeye, acha njia. Mtu akisema kichwa kinamgonga, usimwambie ni moshi. Akianza kutembea kama mlevi na hakuna pombe, mshushe siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Ukiona uwanda wa vumbi kati ya vilele viwili na moyo ukakuambia hapa ni kwetu, si kwetu.

Na utue. Hili ndilo ninalokuomba, mengine hata Wachaga watakuonyesha. Wale walio nyuma yako hawatakuomba kutua. Wamelelewa kama wewe. Watakwenda mpaka wapige magoti na mizigo yao kichwani, wakikuangalia kisogo. Katika msafara mzima mtu mwenye ruhusa ya kutua ni wewe peke yako, na bila wewe hakuna mwingine atakayeweza. Mimi nilidhani kazi ya kirangozi ni kwenda. Kwenda kila mtu anaweza.

Sitakudanganya kwamba ni bure. Ukitua mahali ambapo bwana hakusema, huenda ukapigwa viboko. Ninavyo mgongoni, umeviona nikioga, vimepona. Huenda wakakuvua ukirangozi na kukurudisha nyuma ubebe vyungu. Huenda wakakutungia wimbo, na utafika hapa kabla yako, na wasichana wale wale wa kisimani watautwangia mtama. Nakuambia kwa haki ya Mungu, nikiusikia nitakwenda kukaa karibu na vinu vyao na nitawaomba wauimbe tena. Nitaujifunza wote.

Na usiwajibu watu wako neno lile. Wakikuuliza mnatua wapi, taja mahali. Usipopajua, sema sijui. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuambiwa sijui.

Ninaogopa, mwanangu. Niliwahi kukuambia kwamba baba haogopi. Nilikuwa nasema tu.

Nilitaka kuishia hapo nikakunja karatasi. Lakini mama yako ameamka, au hakuwa amelala. Amekuja akasimama mlangoni na ile kanga yake ya kulalia akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia nakaribia kumaliza. Akauliza, umemwambia habari za kaka yangu? Ndivyo alivyosema, kaka yangu, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba alimtaja jana. Nikasema nimemwambia. Akauliza, yote? Nikasema yote, na ulivyoniuliza, na nilivyokujibu.

Akaja akakaa kwenye mkeka karibu na koroboi. Hakutaka nimsomee. Akawa anaondoa nyuzi kwenye upindo wa kanga, mimi nimeshika kalamu. Halafu akasema ana neno lake na anataka niliandike kama atakavyolitamka, nisilipambe. Nimeliandika kama alivyolitamka, ni hili:

"Mwambie kwamba baba yake nilimsamehe zamani. Yeye mwanangu akifia huko na mzigo kichwani, yeye sitamsamehe."

Nikauliza, zamani lini? Akasema, wewe andika, barua si yako, ya mtoto. Akaniondolea blanketi lililokuwa magotini mwangu, akasema hili nalo litiwe kwenye furushi lako, akatoka kwenda kuwasha moto wa uji wako.

Mimi nimebaki hapa. Miaka yote hii nimekaa nyumba moja na mwanamke huyu, na habari yangu nimeipata leo katika maneno aliyokutumia wewe. Namsikia anapuliza kuni. Sasa hivi atakuamsha, nawe utaniamkia, na safari hii nitaitika.

Baba yako,
Omari